Mji kwa Vipimo vya Dobi

Mtembeza wageni alikuwa na kibanda kisichozidi upana wa meza moja, kimebanwa kati ya duka la miwani na meza ya fundi saa. Ndani mlikuwa na viti viwili, ramani ya mji iliyochanika kwenye mikunjo, na daftari nene lenye kamba ya kuning'iniza shingoni. Watu wa pale walimwita Dira, kwa sababu hata ungemfunga kitambaa usoni ukamzungusha mpaka kizunguzungu kimshike, bado angekuonyesha kwa kidole posta iko wapi. Hakuwa mtu wa kuswaga makundi ya watu thelathini nyuma ya kibendera. Kazi yake ilikuwa ya mtu na mtu wake: unakuja, unamweleza mgeni wako ni wa namna gani, naye anakukatia siku moja ya mji kama fundi anavyokata suruali. Suruali ya mnene haimkai mwembamba, na siku za Dira zilikuwa vivyo hivyo.

Asubuhi moja aliingia mzee mwenye shati jeupe lililonyooka mpaka likatisha. Mikono yake ilikuwa imekunjwa mbele ya kifua, viganja juu, kana kwamba amebeba rundo la nguo, na hakuwa amebeba kitu.

"Shikamoo baba. Karibu kiti."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeuza mji?"

"Siuzi, baba. Naazima tu. Jioni tunaurudisha."

Mzee hakucheka, lakini masharubu yalisogea kidogo. Akaketi, akachagua kiti kilichoegemea ukuta.

"Nataka mke wangu aonyeshwe mji," akasema.

"Mama amekuja lini?"

"Ana miaka thelathini na nane hapa."

Dira aliiweka kalamu chini.

Mzee akaeleza, polepole, kama mtu anayefungua kifurushi cha mwenzake. Yeye alikuwa dobi. Waliingia mji huu wakiwa maharusi, wakapanga chumba cha mbele na chumba cha nyuma, na juu ya paa wakafunga kamba za kuanikia. Yeye akashika pasi, mkewe akashika maji, na mpaka leo wameshika hivyo hivyo. Sasa binti yao, anayeishi mbali, safari ya siku nzima na nusu kwa basi, alikuwa amejifungua mapacha, na amemwomba mama yake akakae naye. Hakusema mwezi wala miwili. Alisema akakae.

"Na mama mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Ametoa begi, ameliweka mlangoni. Leo siku ya kumi na moja."

"Na wewe, baba, umemwambia nini?"

Mzee akaiangalia ramani ukutani kwa muda mrefu, kama vile jibu lilikuwa limechapwa pale karibu na mto.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. "Yule mwanamke hajaona kitu mjini hapa zaidi ya beseni. Mwonyeshe. Mtembeze mpaka auonee uchungu. Keshokutwa anatakiwa akate tiketi. Akiuona vizuri kesho, hatakata."

Dira alikuwa amewahi kuombwa mengi. Aliwahi kumtembeza bibi aliyetaka kuona milango tu, na bwana aliyetaka asikutane na mbwa hata mmoja. Lakini kuombwa azuie basi lisiondoke na mtu, hilo lilikuwa jipya. Akavuta daftari.

"Haya baba. Mji usinieleze, naujua. Nieleze mtu."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kazi, naye hakuivunja kwa mtu yeyote. Akauliza: miguu yake ikoje? Anapenda kukaa wapi? Anakunywa nini? Anachoka saa ngapi? Kitu gani amekitamani siku zote na hakukipata? Kwa mara ya kwanza tangu aingie, mzee alijibu bila kusita, na Dira akaandika:

Goti la kushoto halipatani na ngazi. Anapenda kivuli, mgongo uwe ukutani. Chai ya moto ya kuunguza, sukari kidogo. Hapendi kusemeshwa akiwa anatazama kitu. Saa nane mchana usingizi humchukua hapo hapo alipo. Tangu ujana ametamani kuona stesheni ya treni kwa ndani, kuingia hoteli kubwa kwa mlango wa mbele, na kupanda juu kabisa ya lile jengo refu auone mji wote kwa mpigo mmoja.

"Haya yote amekwambia yeye?"

"Mke na mume miaka thelathini na nane, aniambie nini tena? Namjua."

"Nawe utafuatana nasi?"

"Mimi?" Mzee akasimama, mikono ikarudi kubeba rundo lake la hewa. "Pasi haijisukumi yenyewe, mwanangu."

Alasiri ile ile Dira akafanya kama alivyofanya kila mara kabla ya kumtembeza mtu: akaipita njia yote peke yake, akiwa na mwili wa mgeni wake. Alifunga mtandio kwenye goti la kushoto, ukakaza kiasi cha kumfanya achechemee, akapanda kila ngazi aliyopanga kuipanda. Ngazi mbili akazifuta. Akajaribu viti vya mkahawa mpaka akapata meza yenye ukuta nyuma, akamwambia mpishi wa chai kuwa kesho anataka chai iliyotoka jikoni ikichemka. Akapanda lifti ya jengo refu mara tatu kuona kama haikwami. Mtu aliyemwona akichechemea huku akiandika alimpisha kwa huruma.

*

Duka la dobi lilikuwa na harufu ya mvuke na ya wanga wa kukazia nguo. Mashati yalining'inia mistari mitatu, yote yametazama mlangoni kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Ndani ya kila kola palishonwa uzi mdogo wa rangi, alama ya mwenye nguo. Mzee alikuwa mezani, analinyunyizia maji shati ambalo tayari lilikuwa limelowa chapachapa.

Mkewe alitoka chumba cha nyuma akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mdogo, mwepesi, vidole vimekunjamana kwa maji mpaka vikaonekana vizee kuliko yeye.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye mtembeza wageni."

"Marahaba mwanangu. Mgeni yuko wapi?"

Dira akamtazama mzee. Mzee akalitazama shati.

"Ni wewe," akasema mzee, akiliambia shati. "Siku moja. Uonyeshwe mji."

Mama aliwatazama wote wawili. Kisha kicheko kikamtoka kwa kishindo hata akaishika meza.

"Nionyeshwe mji? Mimi? Baba watoto, umeniajiria mtu?" Akacheka tena, akafuta macho kwa pindo la kanga. Halafu kicheko kikafifia, akamwangalia mumewe kwa namna ambayo Dira hakuielewa wakati ule. "Haya. Nakwenda. Lakini na wewe unakwenda."

"Nani atapokea nguo?"

"Zitajipokea. Kama siku ni yangu, nachagua wa kutembea naye. Au siku si yangu?" Akamgeukia Dira.

"Mama ndiye mgeni wangu," Dira akasema. "Analosema ndilo."

Mama hakungoja. Alipita upande wa pili wa meza, akaizima pasi. Mzee aliitazama taa nyekundu ya pasi ikizimika.

Ndipo ikajulikana kwamba duka halikuwa na kufuli. Usiku walifunga komeo kwa ndani, maana walilala humo humo, na mchana lilikuwa halijafungwa hata mara moja. Siku binti yao alipozaliwa, baba alipiga pasi mpaka saa sita, ndipo akaenda kumwona. Walipekua droo zote, wakapata vifungo, vibanio, na ufunguo wa kufuli lililopotea zamani. Mwisho mama alikata kipande cha kamba ya kuanikia nguo, akaufunga mlango kwa fundo la dobi, lile lisilofunguka hata upepo ukivuma vipi.

Walipokuwa wanatoka Dira aliliona begi. Lilikuwa la kitambaa cha buluu, limekaa katikati kabisa ya kizingiti. Mzee alinyanyua goti lake la kushoto, akashika fremu ya mlango, akaliruka. Hakulitazama. Dira alipoinua macho alikuta mama anamtazama yeye.

*

Stesheni Dira aliwaleta kwa mbele, kwenye milango mikubwa ya mbao. Ndiyo kwanza ameanza kusema, "Jengo hili lilijengwa," akakuta mama hayupo. Alikuwa amekata kushoto, kwenye kichochoro cha ukuta.

"Mama! Mlango uko huku."

"Huo wa wenye mizigo mizito. Huku ni karibu."

Wakamfuata. Kulikuwa na lango dogo la waya, na mwanamume aliyekuwa anafagia alilifungua kabla hajaombwa.

"Mama Mapazia! Leo huna mzigo kichwani?"

"Leo mzigo wangu unatembea wenyewe." Akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Ndiye huyu wa pasi? Kumbe ni mtu kweli! Sisi tulidhani unatusingizia."

Dira akasimama na daftari lake mkononi. Ikawa mama ndiye anayeongoza. Miaka kumi na mmoja alikuwa anafua mapazia ya mabehewa ya kulala na kuyaleta mwenyewe mara mbili kwa mwezi. Alijua jukwaa lipi huvuja mvua ikinyesha, saa gani ya ukutani hudanganya, na kwa nini njiwa wa pale hawaogopi honi. Alipanda ngazi za jukwaani kama msichana anayefukuzwa. Nyuma yake, hatua kwa hatua, akishika chuma, alikuja mzee, goti la kushoto likimsaliti.

Kisha mzee akainua kichwa. Juu yake lilikuwa paa la chuma na vioo, na mwanga uliteremka kwa mistari minene yenye vumbi ndani yake. Mdomo ulimfunguka. Dira alitaka kumweleza kuhusu mafundi walioliinua paa lile, lakini mzee alipunga mkono wa kumnyamazisha, bila kumtazama.

*Hapendi kusemeshwa akiwa anatazama kitu.* Dira alilikumbuka lile neno, likamkwaruza mahali, lakini akalipita.

"Uzi wa kijani," mzee akasema ghafla.

"Nini, baba?"

"Yule bwana mwenye kofia. Ndani ya kola yake kuna uzi wa kijani." Kabla hawajamzuia alikwishamfikia mkaguzi wa tiketi, akasimama nyuma yake akiikagua shingo yake.

"Mzee, nikusaidie?"

"Kifungo cha tatu kinashika?"

Mkaguzi akajipapasa kifuani. "Kinashika."

"Basi," mzee akasema, akarudi akiwa amejaa raha mpaka masikioni. "Kililegea mwezi uliopita. Nilikishona mimi. Kwa hiyo ndiye huyu! Miaka yote nilidhani ni kijana."

Kutoka hapo hakukamatika. Nguo nyingi zililetwa dukani na watoto na watumishi, na wenyewe hakuwahi kuwaona. Barabara nzima aliona mashati yake. Suruali ya buluu yenye upindo wa kushonwa mara mbili ilipita ikiwa na kijana anayepiga mluzi. Mbele ya mahakama gauni la maua, ambalo kwa miaka mitano alilipiga pasi kwa upande wa ndani lisipauke, lilishuka ngazi likiwa na bibi mnene anayegombana na mtu kwa simu. "Sikujua kama ana sauti kubwa hivi," mzee akanong'ona, kwa heshima. Aliusoma umati kama barua zilizotoka mikononi mwake, na leo tu ndiyo anajua zilikuwa zinakwenda kwa nani.

Mama alitembea pembeni yake, akimshika kiwiko penye makorongo.

Kwenye mkahawa meza ilikuwa tayari, na ukuta nyuma. Mzee aliufuata ukuta kama paka anavyoufuata mkeka wake. Chai ikaja inatoa mvuke. Mama akaipuliza, akaonja, akaikunjia uso.

"Nani kakwambia nakunywa chai kama maji ya kunyonyolea kuku? Na sukari imekwenda wapi? Hii ni ya huyu." Akamsukumia kikombe mumewe, aliyekuwa amekwisha kumaliza cha kwake.

Dira alifungua daftari chini ya meza. Goti la kushoto. Ukuta. Chai ya kuunguza. Kimya cha kutazama. Alisoma mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa umekaa mbele yake, umevaa shati jeupe, unakunywa kikombe cha pili. Alikuwa ameishona siku nzima kwa vipimo alivyopewa, bila kosa hata moja, na akaja kuivisha mtu mwingine.

Siku zote alijisifu kwamba hakuna swali analosahau kuuliza. Hili hakuliuliza: unamweleza mkeo, au unajieleza?

*

Hotelini mama alisita kwa mara ya kwanza. Mlango wa jikoni aliujua, ulikuwa nyuma, una mbao mbili zilizovunjika. Huu wa mbele wa vioo hakuwahi kuupita. Alijitazama kwenye kioo, akanyoosha kanga. Mzee akampa mkono, wakaingia pamoja kama watu wanaovuka maji ya magotini.

Ndani, mwanamke aliyekuwa anabadilisha vitambaa vya meza aliangusha rundo lote. "Shoga! Umekosea njia?"

"Leo mimi mgeni!" mama akasema. "Nina mtembezaji wangu mwenyewe. Usinizoee."

Wakachekeana mpaka bwana wa mapokezi akakohoa. Mzee yeye alikuwa anapapasa kitambaa cha meza kwa kidole gumba. "Hiki si chetu," alitangaza. "Huyu kapiga pasi kabla wanga haujaingia." Akaketi kwenye kochi lililoegemea ukuta, aendelee kuhuzunika kuhusu kile kitambaa. Saa ya mapokezi ilipogonga saa nane, kidevu kilikuwa kimeshuka kifuani.

Dira na mama wakabaki wawili.

"Mama, nina jambo la kukuungamia," Dira akasema, akalifungua daftari. "Nisikilize, halafu unicheke." Akamsomea yote, kwa sauti ya chini.

Mama alianza kwa kutabasamu. Kwenye goti akacheka kwa pua. Kwenye stesheni na mlango wa mbele na jengo refu hakucheka tena. Alimwangalia mtu wake aliyelala, masharubu yakipanda na kushuka.

"Goti ni lake," akasema. "Mimi ni mgongo. Na mji huu, mwanangu, hakuna jengo nisilojua mlango wake wa nyuma. Yeye ndiye aliyesimama pale mezani miaka yote. Kila jioni nilimletea habari: leo stesheni kumetokea hivi, leo hotelini wamevunja vile. Anasikiliza, haulizi. Kumbe alikuwa anaweka." Akatikisa kichwa. "Jengo refu hata hakuwahi kulitaja."

"Alisema ndiyo matamanio yako."

"Huyo! Hata kutamani anaona haya, mpaka anipachike mimi."

"Na lile begi, mama?"

Mama alivuta pumzi.

"Lile nililiweka makusudi, pale ambapo huwezi kutoka bila kuliona. Nikasema leo ataniuliza. Siku ya kwanza kaliruka. Ya pili kaliruka. Siku ya tano akaanza kuinua mguu kabla hajalifikia! Mtu mwenye goti bovu anaruka begi siku kumi na mbili, ilimradi asifungue mdomo."

"Unataka kwenda?"

"Nataka kuwashika wale watoto. Ni damu yangu. Lakini kukaa moja kwa moja..." Alizungusha pete kwenye kidole chake kilichokunjamana. "Nikimwambia nakwenda, atasema haya. Nikimwambia nabaki, atasema haya. Mimi *haya* nimeichoka. Akinipa *haya* nyingine, kesho nakata tiketi, na sirudi."

Alilisema kwa upole, na kwa sababu hiyo Dira aliamini kila neno. Mzee kwenye kochi alijigeuza, akavuta shati lake lisikunjike, akiwa usingizini.

*

Lifti haikukwama. Juu ya jengo refu kulikuwa na uwanja mpana wenye ukuta wa kifuani, na upepo. Mji ulikuwa umelala chini yao wote, mabati na vigae na miti, barabara zikipita katikati kama mikunjo ya suruali.

Mzee alisogea ukutani akashika kwa mikono miwili. Kisha akamkaribia Dira, akamnong'oneza, "Sasa. Sema."

"Niseme nini, baba?"

"Mweleze. Uzuri wake. Hii ndiyo kazi niliyokupa."

Dira alikuwa na maneno ya pale juu, maneno mazuri, yaliyowahi kumliza bwana mmoja mzima. Akayafunga pamoja na daftari.

"Mama anaujua mji huu kuliko mimi. Leo kanifundisha vichochoro vinne. Mimi hapa nimeishiwa, baba. Lililobaki si la mtembezaji kulisema." Akasogea mpaka pembe ya mwisho ya uwanja, akawapa mgongo. Masikio hakuweza kuyapa mgongo, kwa kuwa upepo ulikuwa unavuma kuja kwake.

Mzee alirudi pale alipokuwa. Alikohoa. Akaanza kulitafuta duka lake kwa kidole, akapita posta, akapotelea sokoni, akaanza upya.

"Silioni," akasema.

"Utalionaje, hujawahi kulitazama kwa nje." Mama akamshika mkono, akausogeza kushoto, kidogo chini. "Pale. Vyeupe vile vinavyopepea. Shuka za hoteli, nimezianika leo alfajiri."

Mzee akaona. Katikati ya mabati yote yale, mraba mdogo mweupe ulikuwa unapunga.

"Nani atazianua?" akauliza.

"Leo?"

"Ukiwa... siku nyingine."

"Utazianua wewe."

"Wanga mimi siuwezi. Mara unakuwa uji."

"Nitakuandikia vipimo."

"Kamba ya mwisho siifikii."

"Panda kigoda. Hayo ndiyo uliyopanda kuja kuniambia huku juu?"

Dira alijikuta ameshika ukuta. Chini kule gari lilipiga honi, na honi ikachukua muda kufika.

"Sitaki uende," mzee akasema.

"Umesemaje? Upepo."

"Upepo hauna kosa. Umesikia."

"Nimesikia. Nataka tena."

"Sitaki uende, mama watoto. Nyumba itakuwa na mashati tu." Akauelekezea kidole ule mraba mweupe. "Jioni hakuna wa kuniletea mji."

Mama alishika pindo la kanga, akamfuta mumewe vumbi kwenye kola, ambayo haikuwa na vumbi.

"Siku kumi na mbili," akasema. "Ungelisema siku ya kwanza, goti lako lingepumzika. Sasa nisikilize. Wale watoto lazima niwashike. Nitakwenda mwezi mmoja, na nitarudi. Na wewe tunakwenda wote."

"Na duka?"

"Duka leo limefungwa kwa kamba ya nguo. Hebu tazama vizuri, mji umeanguka?"

Mzee akatazama. Alitazama kweli, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama mtu anayekagua shuka kama imebaki mkunjo.

"Haujaanguka," akakubali.

*

Jua lilikuwa limelegea walipofika dukani. Chini ya mlango watu wawili walikuwa wameacha vifurushi vya nguo, na wa tatu amebandika karatasi: *Dobi, u mzima?* Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mama alifungua fundo kwa mvuto mmoja. Begi lilikuwa pale pale. Mzee alianza kuinua mguu kwa mazoea, akausimamisha hewani, akaurudisha chini. Kisha akainama, polepole, goti likilia, akaliokota kwa mshiko wake wa viganja juu.

"Jepesi," akasema kwa mshangao. "Ndani lina nini?"

"Halina kitu. Ungeligusa ungejua."

Akalibeba ndani, akaliweka juu ya meza ya pasi, mahali ambapo hapakuwahi kuwekwa kitu kisicho nguo. Mama tayari alikuwa anapanda ngazi za paani kuanua shuka.

Dira alisimama mlangoni, akijiandaa kuaga na kuomba radhi kwa pamoja. "Baba, siku ya leo sikuikata vizuri. Nilipima..."

"Kaa," mzee akasema. "Toa daftari. Nataka safari ya basi, siku nzima na nusu. Unikatie."

"Hata ya basi?"

"Ya mke wangu. Andika." Akaegemea ukuta wake, akafumba macho ili aone vizuri. "Mgongo wake hautaki kiti cha nyuma. Akae dirishani, maana anapenda kusalimia watu. Akishuka kituoni usimharakishe, atakwenda kutafuta mlango wa nyuma. Chai iwe vuguvugu. Sukari vijiko vitatu."

"Vinne!" sauti ikateremka kutoka paani, pamoja na vibanio vilivyokuwa vinaanguka kimoja kimoja ndani ya kopo.

"Vinne," mzee akasema. "Futa, andika vinne."